Mkebe wa hesabu: rula safi, kipimapembe kinachanganya

Mkebe huu nilimnunulia binti yangu, lakini aliyetokwa jasho nao ni mimi. Swali alilokuja nalo lilikuwa fupi: chora pembetatu yenye pande za sm 10, 12 na 14, kisha onyesha kuwa pembe zake zote ni kali.

Kwa hesabu si kazi. Mraba wa upande mrefu ni 196. Miraba ya pande mbili zilizobaki ukiijumlisha unapata 244. 196 ni pungufu, basi hakuna pembe inayofika nyuzi 90. Kasheshe iko kwenye kuchora.

Rula haina neno, alama zake zimechongwa. Balaa ni kipimapembe. Kina safu mbili za namba, moja inaanzia kulia na nyingine kushoto, zimebanana kwa wino uleule mweusi. Pembe kubwa ya pembetatu yetu ni nyuzi 78 na kitu. Binti akaandika 102. "Si ndivyo inavyosema hapa, mama?" Nikamwambia aiangalie pembe kwanza, namba baadaye: imebana kuliko kona ya daftari, 102 itatoka wapi?

Bikari ililegea, nikaikaza skrubu kwa ncha ya kisu, ikatulia. Duara la kupita kona zote tatu likatoka vizuri, kitovu ndani ya pembetatu, nusukipenyo sm 7.1.

Vile vipande viwili vya plastiki vyenye umbo la pembetatu, kimoja cha nyuzi 45 na kingine cha 30 na 60, vyote vina pembe mraba, yaani mkebe mzima hauna pembetatu ya pembe kali hata moja! Tulitumia kile cha nyuzi 45 kuchora vimo vitatu, yaani mistari inayotoka kila kona na kuufikia upande wa pili kwa nyuzi 90. Kwenye pembetatu hii vimo hukutana ndani, kwenye nukta moja, havitoki nje kama pangekuwa na pembe butu, kwa hiyo kosa linaonekana wazi. Vyetu vikaacha kijipembetatu katikati, kadiri ya kichwa cha kiberiti. Nikakishuku kipande. Nikakiegemeza kwenye rula, nikachora mstari wa wima, nikakigeuza, nikachora tena kutoka nukta ileile. Sm 10 juu, mistari ilikuwa imeachana mm 2. Hiyo si nyuzi 90. Cha 30 na 60 nacho nikakijaribu, kikapita.

Nyota tatu kati ya tano, na mbili kati ya hizo ni za rula. Ukiununua, kipime kipande cha 45 kabla hujatupa risiti.