curl na cheti cha mteja: miezi minane ya kutuma malipo ya chai

Kila Ijumaa jioni kompyuta ya ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa chai, Tukuyu, hutuma faili la malipo benki: majina, namba za akaunti, kilo za majani mabichi. Likikwama, mama aliyechuma kwenye mvua wiki nzima anaikosa hela yake Jumamosi. Programu inayotuma niliiandika mimi, nikiwa chumbani kwangu Mwanjelwa, na ndani yake kuna curl, programu ya bure ya kutuma na kupokea mafaili kwa mtandao.

Benki inataka FTPS, yaani utumaji wa mafaili unaolindwa kwa TLS (usimbaji wa mawasiliano), yenye cheti cha mteja, kitambulisho cha kidijitali cha anayetuma. Kwa kawaida seva pekee ndiyo huonyesha cheti, wewe unajitambulisha kwa neno la siri. Hapa mnaonyeshana. Neno la siri nimeliona limebandikwa ukutani kwa selotepu. Ufunguo wa siri wa cheti hausafiri, mashine huutumia kutia saini tu. Niliutengeneza kwa OpenSSL, programu ya funguo na vyeti, palepale Tukuyu, benki nikawapelekea ombi la cheti peke yake.

Nilianza na ftplib, maktaba ya kutuma mafaili inayokuja na lugha ya programu ya Python. Cheti inakipokea vizuri, lakini kwenye njia ya data haiendelezi kikao kilekile cha TLS, na seva ya benki inalidai hilo. Unaingia vizuri, ukianza kutuma faili unakataliwa kwa jibu 522. Nikahamia pycurl, inayoitumia curl ndani ya Python, na faili la kwanza likapita siku hiyohiyo. Mipangilio yake ni hii: SSLCERT ni cheti, SSLKEY ni ufunguo, CAINFO ni mamlaka ya vyeti unayoiamini, na USE_SSL inasema kama TLS ni lazima.

Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ukiiweka TRY, na seva isiwe na TLS, curl inaendelea bila ulinzi wowote. Nilijaribu kwa seva yangu ya majaribio: cheti kimetajwa kwenye programu, faili limefika, na kila akaunti inasomeka njiani. Ukiweka ALL inagoma na kutoa kosa 64. Kwa amri ya kawaida ni `--ssl-reqd`, si `--ssl`. Mwenye fedha za watu mkononi asitumie nyingine.

Ninachokipenda zaidi ni namba za makosa. Karatasi iliyo pembeni ya kompyuta ya katibu inasema: 58, cheti chetu kina tatizo, nipigie. 60, cheti cha upande wa pili hakiaminiki, usiguse kitu, nipigie. Machi simu ikaita saa kumi na moja jioni.

“Mwanangu, imekuja sitini.”

“Shikamoo mzee. Usiguse kitu.”

Benki walikuwa wamebadilisha mamlaka inayowasainia vyeti, hawakutuambia. Faili halikutoka mpaka nilipothibitisha nao kwa simu, na wachumaji wakalipwa Jumatatu. Iliniuma. Hata hivyo kuzima ukaguzi kwa `-k` ili tuwahi Jumamosi nisingekubali, kwa sababu siku seva ya mwizi itakaposimama katikati, namba itakayotokea ni hiyohiyo 60.

Upungufu upo. Kwenye toleo la 1.3 la TLS seva hukikagua cheti chako baada ya wewe kuona mazungumzo ya mwanzo yamekamilika, hivyo kukataliwa kunaweza kuja baadaye kama kosa 56, na ukadhani ni mtandao. Soma maelezo marefu yanayotolewa na `-v` mpaka mstari wa mwisho. Tena curl haikuonyi kwamba cheti chako kinakaribia kuisha. Mimi kila asubuhi naendesha `openssl x509 -checkend 2592000`, ambazo ni sekunde za siku 30.

Bei ni sifuri. Daniel Stenberg wa Sweden aliitoa kwa jina hili mwaka 1998 na bado anaitunza. Naipa nyota tano, na ftplib kwa kazi hii mbili.

Jumanne onyo la siku 30 limetokea. Alhamisi napanda gari la Tukuyu kutengeneza ufunguo mpya.