Dawa ya viluwiluwi wa mbu kutoka Kibaha: nimeitumia bustanini Igombe, haya ndiyo niliyoyaona

Nianze na hukumu, mwenye haraka asome aondoke. Kama una visima vya kumwagilia, mapipa, au shimo la maji lisilokauka karibu na nyumba, dawa hii inafanya kazi na mimi nitainunua tena. Kama unachotaka ni kulala leo usiku bila kuumwa, haitakusaidia kitu, shusha chandarua. Nimeipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyobana nitaieleza.

Nina bustani ya mboga Igombe, upande wa Ilemela, Mwanza, mahali ambapo upepo wa jioni unakuletea harufu ya dagaa wanaoanikwa. Nalima mchicha, chainizi, figiri na nyanya chungu kidogo. Kuna kuku na mabata wanaozurura, na nyuma kuna vyumba vya wapangaji. Maji ya kumwagilia tunayapata kwenye visima vifupi vilivyochimbwa kwa jembe, maana huku ukichimba kidogo tu maji yanakuja yenyewe. Ziwa Victoria lilipojaa mwaka 2020 lilimeza matuta ya watu wengi huku ufukweni, na liliporudi nyuma likatuachia madimbwi kila palipo na bonde.

Hapo ndipo penye kazi. Watu wengi bado wanaamini mbu wa malaria anatoka kwenye mtaro unaonuka. Wa mtaroni na chooni ni kuleksi, yule anayekupigia kelele sikioni usiku kucha. Anofelesi, wa malaria, anapenda maji yaliyotulia na masafi kiasi. Anofelesi wako wa aina zaidi ya moja: mmoja anataka madimbwi ya wazi yanayopigwa jua, mwingine anakaa kwenye maji ya kudumu yenye matete pembeni. Kwa hiyo mimi mwenye visima visafi ndiye niliyekuwa nawafugia mtaa mzima.

Sumu ya wadudu sikuitaka. Maji hayo nayachota kwa keni na kuyamwaga juu ya mchicha ambao kesho yake uko sokoni Kirumba, na mabata wanaogelea humo humo. Udi wa mbu nao tuliuacha kwa sababu mpangaji mmoja ana mtoto wa pumu. Mchaichai nimeupanda chini ya madirisha yote kama tunavyoshauriana huku mitaani. Unatoa chai nzuri sana. Mbu wanapita juu yake bila hata salamu.

Basi nikaifuata dawa yenyewe. Inatengenezwa Kibaha mkoani Pwani, kwenye kiwanda cha serikali kilichojengwa kwa teknolojia ya Kuba na kuzinduliwa mwaka 2015. Wengine mtakumbuka mwaka 2017 Rais Magufuli alipokitembelea akaziagiza halmashauri zinunue. Zipo za aina mbili, na hili ulijue kabla hujafika dukani. Bactivec ina bakteria wanaoitwa Bacillus thuringiensis israelensis, kwa kifupi Bti, waliogunduliwa mwaka 1976 kwenye dimbwi la jangwa la Negevi, Israeli. Griselesf ina bakteria wa jamii nyingine, na hao ndio wanaovumilia zaidi maji machafu. Mimi nilichukua Bactivec kwa ajili ya visima.

Namna inavyoua ndiyo iliyonifanya niiamini. Bakteria hawa hutengeneza fuwele za protini. Kiluwiluwi anakula chochote kinachoelea majini, akiimeza ile fuwele inayeyuka tumboni mwake kwa sababu tumbo lake lina hali ya magadi, inageuka sumu na kutoboa ukuta wa utumbo. Tumbo la binadamu, la kuku au la samaki lina tindikali, na halina zile sehemu ambazo sumu hiyo hujishikiza. Kwa hiyo kinachomuua kiluwiluwi kwa bata ni kama maji tu.

Matumizi ni rahisi. Unaitikisa chupa sana, maana dawa inatuama chini, halafu unapima kwa eneo la maji kama lebo inavyosema, unachanganya na maji safi na kunyunyiza juu ya uso wa dimbwi. Tumia bomba lako la mgongoni ikiwa tu halijawahi kubeba dawa ya magugu. Kama una shaka nalo, tumia keni. Nyunyiza jioni, jua likishapoa, kwa sababu jua kali huiharibu. Harufu ipo, ya kitu kilichochachuka, na inapotea haraka.

Kabla ya kunyunyiza nilichota maji ya kila kisima kwa bakuli jeupe la plastiki, nawashauri mfanye hivyo, vinginevyo mtakuwa mnamwaga pesa kwa kubahatisha. Kiluwiluwi wa anofelesi analala sambamba na uso wa maji. Wa kuleksi ananing'inia kichwa chini, mkia juu. Visima vyangu vilikuwa na wale wa kulala, tele. Kesho yake jioni nilipochota, wengi walikuwa wamezama wamekufa, na keshokutwa bakuli lilikuwa na vyura wachanga na wadudu wa maji wanaopiga makasia, wazima kabisa. Mboga hazikudhurika na mabata hawakujua kama kuna jambo limetokea.

Sasa nyota niliyobana. Kwanza, dawa haiwaui waliokwisha kuwa pupa, wale wenye umbo la koma, kwa kuwa pupa hali chakula. Hao wataruka tu, kwa hiyo siku za mwanzo unaweza kudhani umeibiwa. Pili, haidumu. Mbu anatoka yai hadi kuruka ndani ya wiki moja hadi mbili, kutegemea joto, na kwa joto la Mwanza mimi nahesabu wiki moja. Ukiruka zamu umerudi ulikoanzia. Msimu wa vuli, mvua ikinyesha kila mara, inakuwa kazi ya kudumu kama kupalilia.

Tatu ni kwato. Ng'ombe wanashuka kunywa ziwani kwa njia inayopita pembeni mwa shamba langu, na kila unyayo ni kidimbwi chenye viluwiluwi. Kunyunyiza unyayo mmoja mmoja ni uchizi. Hapo nilinunua mchanga, vijana wakafukia na kusawazisha njia, na kwa kweli fedha ile ya mchanga imenifaa kuliko chupa ya dawa. Ukiwa na dimbwi usilolihitaji, lifukie, dawa ibaki kwa maji unayoyatumia. Mapipa ya wapangaji nayo sikuyawekea dawa, niliyafunika kwa kitambaa cha wavu na kukaza kwa mpira. Na ufukweni kwenyewe usimwage. Mawimbi yataibeba yote, utakuwa umelitajirisha ziwa.

Shimo la choo lenye maji ni habari nyingine. Huko Makunduchi, Zanzibar, miaka ya themanini mwishoni, walimwaga punje nyeupe za polistairini, ile plastiki nyepesi kama povu, kwenye vyoo vya namna hiyo. Zinaelea, zinafunga uso wa maji, mbu anakosa pa kutagia na kiluwiluwi anakosa hewa. Ningezipata hapa Mwanza ningeanza na choo cha wapangaji.

Duka nililonunulia, la pembejeo pale mjini, silitaji, lakini muuzaji ana mambo. Chupa alizipanga dirishani, jua la saa nane linazipiga moja kwa moja. Nikamwambia, "Kaka, hii ni ya viumbe hai, nitolee ya stoo." Akacheka, akaitoa. Halafu akanishauri niichanganye na sumu ya wadudu wa nyanya "iwe na nguvu zaidi." Mkisikia hivyo, lipeni muondoke. Someni lebo pia, tarehe ya mwisho wa matumizi ina maana sana kwa dawa ya aina hii.

Mpangaji mmoja aliniletea lawama kwamba dawa imeongeza mbu, ukutani kumejaa. Nikaenda kuangalia: wale wadudu wa ziwani wanaokuja kwa mawingu na kufuata taa. Hawaumi. Zima taa ya nje, asubuhi kuku watafagia.

Kikwazo kikubwa kuliko vyote kilikuwa jirani. Ana bwawa la sato na, pembeni yake, msingi wa nyumba aliouacha miaka mingi umejaa maji. Ningetibu visima vyangu hadi uzee, mbu wa msingini kwake wangeendelea kuvuka uzio. Nilimfuata jioni, tukasalimiana, nikamweleza.

"Mayu," akasema, yaani mama kwa Kisukuma, "dawa yako si itaniulia sato?"

"Mzee wangu, bwawani kwako siweki kitu. Sato wenyewe wanakula viluwiluwi, wewe ng'oa tu matete ya pembeni yanayowaficha. Mimi nataka ule msingi."

Hakukubali siku hiyo. Alikuja kwangu baadaye na ndoo, ndani ana visato kadhaa kwenye maji ya bwawa, akataka nimwage dawa mbele yake. Nikamwaga kwa kipimo cha lebo. Akaondoka na ndoo yake, na kesho yake akapita kuniambia samaki wapo na niende msingini na bomba langu. Sasa chupa tunanunua kwa kuchangia, yeye nusu mimi nusu, inakaa kwangu kivulini, na siku ya kunyunyiza ni Jumamosi jioni.