Magofu ya Paphos, Kupro: uzoefu wangu

Msomaji wa Biblia anaijua Paphos kama Pafo, ile ya Matendo ya Mitume sura ya 13, ambako Paulo na Barnaba walimkuta liwali Sergio Paulo, na Elima mchawi akapigwa upofu. Mimi nami nilivutwa huko na habari ya Paulo. Ila nikiulizwa leo nini kilinifanya nisijutie nauli, nitajibu sakafu.

Sakafu hizo zimo katika hifadhi ya magofu iliyo kando ya bandari. Zilikuwa zimefukiwa karne nyingi hadi mwaka 1962, jembe la mkulima lilipozigusa. Inayojulikana sana ni Nyumba ya Dionysos, ya mwishoni mwa karne ya 2 baada ya Kristo: zaidi ya mita za mraba 500 za picha zilizopangwa kwa vijiwe vidogo vidogo vya rangi. Wameijengea banda la mbao, na wageni hupita kwenye vijia vilivyoinuliwa wakiinamia picha kutoka juu.

Usipite mbio. Kuna picha moja ndefu ya ulevi ambayo niliirudia mara kadhaa. Upande mmoja ameketi Dionysos, mungu wa mvinyo, na mwanamke anayekunywa. Katikati yuko Ikarios, aliyepewa mvinyo na mungu huyo, na gari la ng'ombe lililopakia viriba. Upande wa pili kuna wanaume wawili wamelewa chakari, na juu yao maandishi ya Kigiriki yanawatambulisha kuwa ndio wanywaji wa kwanza wa mvinyo. Hadithi yenyewe inaishia vibaya: wanaume hao, wachungaji wa mifugo walionyweshwa na Ikarios, kwa kuwa hawakuwahi kulewa, walidhani wamelishwa sumu, wakamuua Ikarios wa watu. Kwingineko tai anamnyakua kijana Ganymede, na ukitazama mbawa zake utaona ncha zimekatika ghafla kwenye fremu. Fundi aliishiwa nafasi! Nilicheka peke yangu pale. Karibu miaka elfu mbili imepita na kosa la vipimo la mtu yule bado tunalikodolea macho.

Mbali kidogo na hapo kuna Nyumba ya Theseus, inayodhaniwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikulu ya liwali wa Kirumi, na jukwaa dogo la mawe la Odeon karibu na mnara wa taa wa mwaka 1888. Ngome ya Saranta Kolones, iliyobomolewa na tetemeko la mwaka 1222, imebaki matao machache tu. Piga picha uendelee na safari.

Lawama yangu kubwa ni jua. Ukitoka kwenye lile banda, eneo lote ni uwanda mtupu, miti ya kuhesabu, na mawe yanarudisha joto usoni. Wanaofika saa saba mchana mwezi wa Julai huwa wanatafuta njia ya kutokea tu. Fika milango inapofunguliwa, na chupa ya maji na kofia, na viatu visivyoteleza.

Lawama ya pili ni ya ziara za makundi. Niliyoinunua hotelini ilitupa nusu saa ya kukimbizwa kwenye sakafu, kisha muda mrefu kuliko huo kwenye duka la ngozi. Nikaamua kurudi mwenyewe kwa basi. Kiingilio kilikuwa euro chache tu, kwa hiyo sioni haja ya kumlipa mtu akuharakishe. Ila soma kidogo kabla ya kwenda, kwa sababu vibao vya maelezo ni vifupi mno.

Basi namba 615 kutoka bandarini linakupitisha Makaburi ya Wafalme. Hakuna mfalme aliyezikwa pale. Walizikwa matajiri na wakubwa wa serikali, kuanzia enzi za akina Ptolemaio waliotawala kutoka Misri. Unashuka ngazi hadi kwenye ua uliochongwa ndani ya mwamba, umezungukwa na nguzo ambazo nazo ni mwamba uleule. Wafu walijengewa nyumba nzuri kuliko ninayoishi mimi. Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi baada ya sakafu.

Nguzo ya Paulo, ambako mapokeo yanasema alifungwa na kuchapwa viboko, ni kipande cha jiwe kwenye uwanja wa kanisa la Chrysopolitissa. Ukienda kwa ajili yake peke yake utavunjika moyo. Angalia badala yake mabaki ya kanisa kubwa la karne ya 4 yanayoizunguka. Kisha tembea hadi pango la Mtakatifu Solomoni, barabarani tu: juu yake umesimama mti uliofungwa vitambaa kila tawi, watu wakiomba kuponywa. Kwa dakika moja nilihisi niko mzimuni huko kwetu Pwani.

Kwa mwenye hamu ya historia naipa Paphos nyota nne kati ya tano. Mwenye watoto wadogo achague majira ya kuchipua au vuli, au agawe matembezi, asubuhi magofu na jioni bandarini. Kuhusu hati, nilipokwenda mimi Kupro ilikuwa nje ya Schengen, ule muungano wa nchi za Ulaya zenye viza moja, lakini kibali changu cha ukaazi cha Ujerumani kilitosha kuniingiza bila viza nyingine. Kanuni hubadilika, ulizia ubalozini kabla hujakata tiketi.