TAHADHARI: Kuna mtu anauza "ushindi" wa rufaa za nafasi za shule

Wazazi wenzangu mlioko England, hasa mliopata barua kwamba mtoto hakupewa nafasi katika shule mliyoiomba: kuna mtu anazunguka kwenye makundi yetu ya WhatsApp akijiita mshauri wa elimu. Kiswahili chake kitamu, ana subira ya kusikiliza, na anadai ana "watu wake" ndani ya jopo la rufaa. Anataka pauni 350 kabla hajaandika hata mstari. Zikishaingia, anaomba nyingine za "kufungua faili". Simtaji jina, kwa sababu jina la biashara na namba ya simu keshabadilisha. Mtambueni kwa maneno yake.

Kwanza, hakuna ada ya kufungua faili. Kukata rufaa ni bure. Fomu hutolewa na halmashauri, au na shule yenyewe kama ndiyo inayosimamia udahili wake, na barua ya kukunyima nafasi lazima ikueleze jinsi ya kukata rufaa na mwisho wa kuipeleka ni lini. Unapewa angalau siku 20 za shule, yaani wikiendi na likizo hazihesabiwi. Kwa hiyo akikupigia usiku na kukwambia "tusipolipa leo mlango unafungwa", fungua barua yako usome tarehe.

Hao "watu wake" nao ni hadithi. Jopo lina watu wasiopungua watatu, baadhi wenye uzoefu wa elimu na wengine raia wa kawaida, na hawaruhusiwi kuwa na uhusiano na shule hiyo wala na anayesimamia udahili wake. Karani wao naye ni huru. Hakuna wa kupenyezewa bahasha, na kama angekuwepo, huyu bwana asingekuwa anatafuta wateja kwenye kundi la kuuziana makochi.

Kinachonikera zaidi ni barua zake. Nimezisoma za familia tofauti na ni barua ileile. Moja ilikuwa ya binti, lakini katikati inamsifu kwa kuwa "kijana wa kiume mwenye nidhamu". Zote zinasema shule ni nzuri, matokeo yake ni ya juu, familia inathamini elimu. Hayo kila mzazi anayeyasema yuko sahihi, na hayamsaidii mtoto wako hata chembe. Jopo huangalia kwanza kama taratibu za udahili ni halali na zilifuatwa sawasawa, na kama kuongeza mtoto kutaiumiza shule kweli. Halafu linapima: hasara ya shule na hasara ya mtoto huyu akikosa hapo, ipi nzito? Hapo ndipo inapohitajika barua ya daktari, au ya mfanyakazi wa ustawi wa jamii, au maelezo ya somo ambalo shule aliyopangiwa haina. Mambo hayo unayajua wewe. Hayamo kwenye barua ya kunakili.

Na kwa watoto wadogo ndipo anapokula pesa bila haya. Darasa la risepsheni, yaani lile mtoto analoanzia shule, na mwaka wa kwanza na wa pili unaofuata, sheria inaweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja. Nafasi ikikataliwa kwa sababu hiyo, mlango wa jopo ni mwembamba sana: taratibu zilikuwa kinyume cha sheria au zilikosewa, na bila kosa hilo mtoto angepata nafasi, au uamuzi wenyewe ulikuwa wa ajabu kiasi kwamba hakuna mtu mwenye busara angeufikia. Huruma pekee haitoshi, hata ukieleza shida zako kwa machozi. Kuna mama wa mtoto wa risepsheni aliyelipa kila alichoombwa na hakuambiwa hata neno moja kuhusu hilo.

Anashauri pia uikatae shule uliyopewa, "ili jopo lione huna pa kwenda". Msithubutu. Kuikubali hakuharibu rufaa, ila kuikataa kunaweza kumwacha mtoto bila shule Septemba ikifika. Ikubali, kata rufaa, na hakikisha jina limo kwenye orodha ya kusubiri; rufaa haikupandishi wala haikushushi kwenye orodha hiyo.

Kwa pesa ya juu kidogo anakutafutia mkataba wa kupanga nyumba karibu na shule, nyumba usiyoishi. Nafasi iliyopatikana kwa anwani ya uongo inaweza kunyang'anywa, hata mtoto akiwa ameshaanza. Jina kwenye fomu ni lako, si lake.

Ukishindwa anakuuzia "rufaa ya pili". Kwa shule ileile, mwaka uleule wa masomo, hairuhusiwi labda hali yako iwe imebadilika sana. Lalamiko kuhusu jinsi kikao kilivyoendeshwa hupelekwa kwa ombudsmani wa serikali za mitaa, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, au Wizara ya Elimu kama shule ni akademi, yaani shule isiyo chini ya halmashauri. Hiyo nayo ni bure.

Wapo washauri na mawakili halali wanaolipwa kwa kazi hii, sisemi wote ni matapeli. Ila aliye halali hakuahidi ushindi.

Mliokwisha kumlipa kwa kuhamisha pesa benki, pigieni benki zenu sasa. Tangu Oktoba 2024 benki za huku zinatakiwa kurudisha pesa nyingi za utapeli wa namna hii, lakini ukichelewa zaidi ya miezi 13 tangu malipo ya mwisho umekosa. Msifute meseji zake, hata zile za sauti. Mliolipa taslimu, nendeni polisi.

Na kama kikao chako kimekaribia na barua iliyotumwa ni yake, mwandikie karani leo umwambie unaleta maelezo yako mwenyewe. Ukichelewa na ushahidi jopo linaweza kuukataa, lakini kikaoni bado utapewa nafasi ya kuzungumza, na unaruhusiwa kwenda na rafiki. Kama Kiingereza kinakusumbua, omba mkalimani kwenye ujumbe huohuo.