TAHADHARI: Super-Takumar 50mm f/1.4 za "vioo 8" ambazo si vioo 8

Wapenzi wa filamu, kuweni macho. Mitandaoni kuna wauzaji wanaochukua Super-Takumar 50mm f/1.4 ya vioo 7 (yaani yenye vipande 7 vya kioo ndani), lenzi ya zamani inayopatikana kwa wingi, na kuitangaza kuwa toleo la kwanza la vioo 8. Toleo hilo la Asahi, kampuni ya Japani iliyotengeneza kamera za Pentax, lilitoka mwaka 1964, likatengenezwa kwa muda mfupi tu, na bei yake iko juu sana.

Jina kwenye pete ya mbele si ushahidi. Matoleo yote mawili yameandikwa Super-Takumar, na pete yenyewe hufunguka, kwa hiyo inaweza kuhamishwa. Tazama mstari mwekundu wa infraredi kwenye vipimo vya kina cha fokasi, yaani namba zilizoandikwa pande zote mbili za alama ya fokasi kwenye lenzi: kwenye vioo 8 uko kulia kwa namba 4 iliyo jirani yake, kwenye vioo 7 uko kushoto. Kisha omba picha ya lenzi kwa ubavu, bila kifuniko cha nyuma. Kioo cha nyuma cha vioo 8 kinatokeza zaidi. Muuzaji anayekataa picha hizo mbili, achana naye.

Rangi nayo inasema mengi. Lenzi ya vioo 7 ina kioo chenye thoriamu (metali yenye mionzi) upande wa nyuma, na miaka inavyopita kioo hicho hugeuka njano hadi kahawia. Ya vioo 8 haina thoriamu. Basi "vioo 8" yenye njano nzito ni uongo mtupu. Lakini kioo kisicho na njano hakithibitishi chochote, kwa sababu njano hutoka lenzi ikimulikwa kwa mwanga wa urujuanimno kwa siku kadhaa. Mwambie muuzaji aiweke juu ya karatasi nyeupe, apige picha kupitia kioo, na karatasi ionekane pembeni. Njano hiyo hupunguza mwanga na kutia rangi filamu ya slaidi. Kwenye nyeusi na nyeupe hufanya kazi kama filta ya njano, wala haina madhara makubwa.

Maneno "vumbi kidogo, haliathiri picha" ndiyo yanayoficha maradhi mabaya zaidi. Picha za tangazo zikiwa zimepigwa kwa mwanga wa mbele tu, kuvu na utando ndani ya lenzi havionekani. Dai picha ya tochi ikimulika kutoka nyuma, tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa, yaani kwenye f/1.4. Kuvu huonekana kama nyuzi zinazotawanyika, utando kama moshi uliotulia kwenye kioo. Ukifunga tundu hadi f/8 picha inaweza kupita vizuri, ukifungua f/1.4 ndani ya nyumba, jambo ambalo ndilo ulilonunulia lenzi hii, taa zote zinavimba na weusi unakuwa kijivu. Mkwaruzo wa kioo cha nyuma una madhara zaidi kuliko wa mbele, hata ukiwa mdogo.

Omba pia video fupi: swichi ya tundu iwe kwenye A (otomatiki), kipini cha nyuma kibonyezwe na kuachiwa mara kadhaa, tundu likiwa f/16. Bleidi za tundu zirudi papo hapo. Zikisuasua, kuna mafuta. Kasoro hii huwatesa watu wa filamu hasa, maana fremu zinapata mwanga kupita kiasi na hujui mpaka filamu isafishwe.

Picha nyingi za matangazo haya ni za kuibwa. Taka picha mpya yenye namba ya lenzi ikisomeka, kando yake karatasi iliyoandikwa kwa mkono tarehe ya siku hiyo. Usilipe nje ya mfumo wa malipo wa soko husika, hata ukiahidiwa punguzo, kwani ukitoka humo huna wa kumdai. Ikifika, ikague kwa tochi siku hiyohiyo, kabla muda wa kurudisha haujapita.