Chumvi ya "sodiamu kidogo": ladha ipo, ila figo zangu zimeikataa

Nyota mbili, na zote ni za ladha. Nina ugonjwa sugu wa figo hatua ya 3, na daktari amenibana nisizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai. Basi nilipoona kopo limeandikwa "sodiamu kidogo", nikalibeba kama niliyeokota dhahabu. Mchuzi ukarudi kuwa mchuzi, ingawa ukiizidisha huacha uchungu ulimini, kama umelamba betri.

Wiki ya tatu nikapima damu: potasiamu 5.8, juu ya kiwango cha kawaida. Mtaalamu wa lishe hakunigombeza, aliuliza tu, "Umebadilisha nini jikoni?" Nikampelekea kopo. Akaligeuza, akaweka kidole kwenye maandishi madogo kama mayai ya chawa: kloridi ya potasiamu, chumvi ya potasiamu inayowekwa badala ya sehemu ya sodiamu. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa potasiamu mwilini, na ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Nami nameza dawa ya presha ambayo nayo huipandisha!

Mwenye figo nzima huenda ikamfaa. Mimi nimerudi kwenye ndimu na kitunguu saumu. Onyo kwa wenye ugonjwa wa figo wangeliandika mbele ya kopo, kwa herufi kubwa kama zile za "sodiamu kidogo", ningewaongezea nyota.