Tairi kubwa kwa Jimny: duka wakaniuliza mwenye gari ako wapi

Kama uko Nakuru na unataka kuwekea Suzuki Jimny, ile 4x4 ndogo, tairi kubwa, kuna duka moja pale mjini, jina nitaliacha, lakini ukiingia mahali na mtu wa kaunta akuambie "itaingia tu" bila hata kutoka nje kuangalia gari, chukua ufunguo wako uondoke. Naandika hii nikiwa bado na hasira na sitajifanya imeisha.

Mimi natibu ng'ombe na kupandisha, pande za Njoro, Mauche, Teret, mpaka Mau Narok huko juu. Barabara kuu ni lami, haina maneno. Shida inaanza ukiiacha. Msimu wa viazi trakta na lori zinachimba mitaro kwa zile njia za mashambani mpaka katikati kunabaki tuta refu, na gari ndogo ikiingia hapo tumbo linalala juu ya tuta na magurudumu yanazunguka bure. Hiyo 4x4 inakusaidia nini kama tairi haishiki chini? Na kuna kitu watu wengi hawaambiwi: springi ndefu zinainua bodi peke yake, ekseli na difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, vinabaki pale pale vilikuwa. Kinachoinua ekseli ni tairi. Kwa hivyo sikuamka tu siku moja nikataka gari ikae ya kishujaa, nilikuwa nimechoka kuvutwa na trakta za watu nikiwa nimebeba mtungi wa mbegu za fahali na mwenye ng'ombe anapiga simu kila dakika.

Tairi za kampuni kwa ile Jimny yangu ya 1300 ni 205/70R15, yaani upana milimita 205, kimo cha ubavu asilimia 70 ya huo upana, rimu inchi 15. Nilienda nikitaka 215/75R15, aina ya matope, kwa sababu nilikuwa nimeshauliza watu wawili watatu wenye gari kama yangu na wote waliniambia hiyo inaingia bila vita. Huyo jamaa wa kaunta akasema hiyo ni ndogo, weka 235/75, tumewekea wengi. Nikamuuliza, haitagusa? Haitagusa. Bila kuinua gari? Bila kuinua. Na nikibeba mzigo? Madam, itaingia tu. Niliuliza yote hayo kabla sijatoa pesa, na nataka hilo lieleweke vizuri, kwa sababu baadaye waliongea ni kama mimi ndio nililazimisha hiyo saizi.

Vijana wa nyuma walifunga haraka, hapo siwezi kuwasema, na tairi zenyewe zilikuwa mpya kweli, niliangalia zile tarakimu nne za wiki na mwaka kwa ubavu nikaona ni za juzi. Risiti imeandikwa kufunga, valvu, balansi. Nikalipa kwa simu yangu, M-Pesa ikaingia kwao, jina langu likatokea kwa simu yao. Mkumbuke hilo jina.

Hakuna mtu alikata stelingi. Gari ilitolewa kwa jeki tairi zikiwa zimenyooka, ikarudishwa nyuma imenyooka, nikapewa ufunguo. Natoka getini nakata kona kushika barabara, nasikia kwaruu kwa mguu wa kushoto, ile sauti ya mpira ukikula chuma. Nikasimama hapo hapo, nikashuka, nikachungulia. Bega la ndani la tairi limelala kabisa kwa ule mkono wa chuma unaoshika ekseli ya mbele, na upande wa nje meno ya tairi yameanza kukwangua plastiki ya ndani ya madigadi. Gari ni tupu, hakuna mzigo, hakuna shimo, ni kona ya kawaida ya mjini!

Nikarudi ndani. Nikamwambia yule jamaa twende nje uone. Hakusimama. Alikuwa anakunywa chai, akaniangalia, akasema, "Madam, hiyo ni gari ya offroad, hiyo sauti ni kawaida." Nikamwambia si kawaida, chuma kinakula tairi. Ndio akasema ile maneno sijaisahau na sidhani nitaisahau: "Gari ni ya nani? Mwambie mwenyewe akuje tuongee."

Mwenyewe!

Sasa hiyo dakika imepita kitambo na bado nikilala inanirudia. Pesa ilipotoka kwa simu yangu hakuuliza mwenyewe ako wapi. Nilipouliza maswali ya saizi hakusema nilete mwanaume anitafsirie. Lakini malalamiko yakikuja, ghafla mimi ni mtu ametumwa. Wateja wengine wamesimama hapo wananisikiliza, mmoja akacheka, na kijana wa spana aliyekuwa anajua nasema ukweli, kwa sababu yeye ndiye aliona hiyo tairi ikigusa, akaangalia chini. Nikamwambia hii gari ni yangu, logibuku ni jina langu, na Katiba ya 2010 kifungu cha 46 inanipa haki ya huduma ya ubora unaofaa na habari ninazohitaji ili nifaidike kikamilifu na ninachonunua, na wewe hizo habari ulininyima. Akasema, "Sawa daktari," ile sauti ya kukufukuza, akaendelea na chai yake.

Hakuwa amepima chochote, hiyo ndiyo inaniuma. Hesabu ya tairi si siri, iko kwa ubavu wa tairi. 205/70R15 kipenyo chake ni kama milimita 668. 215/75 ni kama 703. 235/75 inafika 733. Maana yake ukitoka ya kampuni uende 215 ekseli inapanda karibu sentimita 2, ukienda 235 inapanda 3 na kidogo. Kwa hivyo ananiuzia shida yote hiyo ya kugusa ndani na nje kwa sababu ya sentimita moja na nusu ya zaidi. Mtu wa kazi hiyo angekaa chini na kalamu aniambie, daktari, 215 inakutosha, ukitaka 235 inua gari kwanza kama inchi 2 na urekebishe stopa za stelingi, zile zinazozuia tairi isikate kupita kiasi. Ni sentensi moja tu. Chai ingempoa?

Halafu ikaja ile ya barabara ya Njoro. Nimebeba vitu vyangu nyuma, niko kwa 70 hivi, nikagonga kiraka cha lami na mbele ya gari yote ikaanza kucheza. Si kutetemeka kidogo, stelingi inapiga kushoto kulia mpaka mikono inauma, na ukibana kwa nguvu ndio inazidi. Nyuma yangu kuna nisani inapiga honi. Nilitoa mguu kwa mafuta nikaiacha ipoe yenyewe mpaka nikashuka chini ya 50 nikatoka kando. Nilikaa hapo muda mrefu nimeshika usukani na gari imezimwa.

Kesho yake sikurudi kwa lile duka, nilienda kwa fundi mmoja mzee upande wa Shabab, ana kibanda cha mabati na jeki moja ya maji. Huyo kitu cha kwanza alisema ni "Mama, kaa ndani, kata stelingi yote kulia polepole, mimi niangalie." Halafu kushoto. Halafu akapandisha gurudumu moja la mbele juu ya kipande cha mti ili bodi ilale upande mmoja, akaniambia nikate tena. Kumbe hivyo ndivyo inapimwa, dakika tano tu, na pale mjini hakuna aliyeifanya. Akapiga jeki, akashika tairi juu na chini kwa mikono miwili akaisukuma na kuivuta, nikasikia tok, tok. Beringi za kingipini, pale gurudumu la mbele linapogeukia, zimelegea. Bushi ya ile roda inayoshika ekseli isiende pembeni imekwisha. Na rimu zote mbili za mbele hazikuwa na hata chuma kimoja cha balansi. Hata kimoja! Risiti ninayo, balansi nimelipia. Alinieleza kwamba hizo beringi na bushi zilikuwa zimechoka kutoka zamani, tairi ndogo nyepesi zilikuwa zinaficha, ukiweka tairi nzito ya matope kila kitu kilicholegea kinatokea. Kwa hivyo yeyote anayekufungia tairi kubwa kwa Jimny bila kutikisa hayo magurudumu ya mbele kwanza anacheza na maisha yako, na ninaandika hivyo nikimaanisha.

Mpaka hapo ningewaambia msiweke tairi kubwa, kaeni na za kampuni, fungeni cheni siku ya matope. Na niliwaambia watu hivyo, wiki kadhaa.

Na kuna hasara zingine ambazo si za duka ni za tairi yenyewe. Spidomita sasa inadanganya karibu asilimia 10, ikisoma 80 uko 88, kwa hivyo pale kwa senta penye kikomo ni 50 lazima nishikilie 45 kwa spidomita. Kilomita nazo zinahesabiwa pungufu, usianze kulia kwamba mafuta yanaisha haraka kabla hujafanya hiyo hesabu. Nguvu imepungua, hilo halina ubishi. Nakuru mjini ni kama mita 1,850 juu ya bahari, Mau Narok inapita 2,500, hewa inakuwa nyepesi na injini ya 1300 isiyo na tabo inahisi. Mlima niliokuwa napanda na gia ya nne sasa ni ya tatu. Breki pia unakanyaga mapema zaidi.

Lakini sasa sikiliza. Mvua zile ndefu zikiwa zimekolea, usiku, nikapigiwa simu ndani kabisa ya Teret, mtamba amekaa na uchungu tangu mchana, ndama anatoa mguu mmoja tu. Hiyo njia naijua, ndiyo ile ilinilaza mara nyingi. Nikapata pikapu imekwama pale pale penye tuta, imezama mpaka kwa bampa, watu wanachimba na jembe. Nikapunguza upepo kwa tairi zote nne, nikaweka 4L, ile 4x4 ya gia nzito, nikapanda pembeni kwa majani nikarudi kwa mtaro mbele yao, na nilisikia tumbo likifagia juu ya tuta, likifagia tu, halikulala. Meno ya tairi yanatupa tope mpaka juu ya kioo cha pembeni na gari inaenda. Inaenda! Nilifika, nikaurudisha ule mguu mwingine mbele, ndama akatoka hai, jike. Na tairi za kampuni ningekuwa nimesimama nyuma ya hiyo pikapu mpaka asubuhi, na hata na 215 sina uhakika, kwa sababu ile nafasi niliyohisi chini ya gari haikuwa zaidi ya kidole.

Kwa hivyo siwezi kusema hizo tairi ni mbaya. Ni nzuri, nazipenda, siziondoi. Yule mzee alishaweka springi ndefu za inchi 2, akaongezea washa, vile visahani vya chuma, kwa stopa za stelingi ili tairi isifike kwa ule mkono wa chuma, kona sasa ni pana kidogo, kugeuka mjini nafanya mara mbili, lakini kwaruu imeisha. Alibadilisha beringi na bushi, akasawazisha mbele vizuri, taa akazishusha kwa sababu gari ikiinuka inapiga watu machoni. Jumla ya hayo yote imekaribia bei ya tairi zenyewe. Mtu asiye na sababu kama yangu aweke 215/75 alale usingizi, hiyo ndiyo ningemwambia ndugu yangu. Mtu wa kupeleka watoto shule mtaa wa Section 58 hapa mjini hata hiyo 215 haihitaji. Mimi nimebaki na 235.

Duka ndilo sitalisamehe. Nilipiga simu kuuliza angalau pesa ya balansi, nikaambiwa bosi hayuko, nikapiga tena nikaambiwa hayuko, sasa namba yangu haishikwi kabisa.

Na bado spea ni ile ndogo ya zamani iko kwa mlango wa nyuma. Niliuliza siku ile nikaambiwa "utaweka hiyo hiyo ikifika." Jimny haina difu ya katikati, ile inayoacha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti, ukiendesha 4x4 na tairi ya saizi tofauti ekseli moja inavutana na nyingine mpaka kitu kivunjike kwa transifa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, kwa hivyo hiyo spea ni ya kunifikisha lami tu nikiwa kwa 2WD, magurudumu mawili tu yakisukuma, na mahali ninapopanchia ni kwa matope. Natafuta moja, 235/75R15 ya matope, si lazima iwe mpya bora ifanane na hizi kwa meno. Pale mjini inapatikana kwa duka lile lile, nimeiona imetundikwa nje nikipita. Siingii. Kama uko Kisumu au Eldoret na unajua mahali iko, niambie nitakuja mwenyewe.